Kabla hujamwita mwenyekiti mwizi, ulizia muhtasari

Ilikua saa kumi na mbili kasoro jioni, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, tumefika kwenye mengineyo, ile ajenda ya maswali ya mwishoni. Kama hujawahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji mpaka mengineyo hujui mateso yake. Kinamama washaondoka kwenda kuwasha moto, vijana wako nyuma wanachezea simu, mtendaji wa kijiji daftari lake ashalifunga nusu, mwenyekiti anaangalia jua. Hapo ndo mi nikanyoosha mkono nikasimama nikasema, kwa sauti ambayo hata wa dukani waliisikia, "Mwenyekiti, hela zetu za choo cha shule mmekula, tuambieni leo."

Makofi yalipigwa, siwezi kudanganya, na nilijisikia mwanaume kwelikweli. Mwenyekiti akatabasamu, akasema bwana huyu katoka mjini juzi ashaanza kuleta siasa, suala la choo liko kwenye mchakato, ahsanteni, mkutano umefungwa. Basi. Dakika mbili hazikufika.

Mi nilirudi kijijini 2018, nikiwa nimechoka kupanga chumba Dar, nikaja kulima mpunga na vitunguu huku kwetu Morogoro. Hiyo habari ya choo ni ya 2021. Kila kaya tulichangishwa elfu kumi ili shule ya msingi ipate matundu sita ya choo, maana yaliyokuwepo ni aibu, kiwango kinachotajwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 na sisi hata ukizidisha mara tatu bado hatufiki. Shimo likachimbwa, ukuta ukapanda mpaka kwenye lenta, alafu kimya. Miezi minane majani yanaota ndani ya choo ambacho hakijawahi kutumika, we ukipita pale unaona mbuzi tu wanakula humo.

Kwahiyo hasira nilikua nayo na hasira ilikua halali. Ila nilivyoitumia ndo ujinga, na ndo maana naandika hii, kwa sababu naona vijana wengi wanafanya kilekile nilichofanya mimi alafu wanakata tamaa wanasema viongozi hawawajibiki, hamna haja ya kwenda mikutanoni.

Wiki iliyofuata nikiwa kijiweni kwenye kahawa, kuna mzee mmoja alikua mwalimu, kastaafu zamani, aliniita pembeni. Akaniambia mwanangu, swali lako zuri ila umeliuliza hewani. Nikamwuliza hewani kivipi na watu mia wamesikia? Akacheka. Akasema nenda kaombe muhtasari wa mkutano ule usome wameandika nini.

Nikaenda. Mtendaji alinizungusha siku mbili tatu, mara funguo, mara yuko kata, mwisho akanipa nisome palepale mezani. Mkutano mzima kurasa nne. Mimi na makofi yangu yote tulikua mstari mmoja: "Mjumbe mmoja alitaka kujua maendeleo ya shule, alijibiwa." Yani mjumbe mmoja. Maendeleo ya shule. Alijibiwa!

Sasa hapo ndo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kufundishwa shule wala kusikia kwa mwanasiasa yeyote. Mkutano una mpangilio wake. Kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuuthibitisha, yatokanayo, taarifa mbalimbali ikiwemo mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Watu wote tunasubiri mengineyo kwa sababu ndo tunaambiwa maswali mtauliza mwishoni. Kumbe mlango wa kweli ni yatokanayo. Jambo lililoandikwa vizuri kwenye muhtasari wa leo, mkutano ujao linarudi lenyewe mapema kabisa, watu bado wamejaa, na mtendaji lazima aseme limefikia wapi. Lisipoandikwa, au likiandikwa kimjumbemmoja kama langu, limekufa na utaanza upya kila siku kama punda wa kinu.

Na mkutano wenyewe sio hisani ya mtu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 ndo inayouweka, na wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji kuanzia miaka 18, unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na huo mkutano ndo wenye kauli ya mwisho kijijini. Mwenyekiti na halmashauri yake ya kijiji wako chini ya huo mwembe, hawako juu yake. Mi nilikua najua Katiba ibara ya 8 tu ile ya wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, nilikua naitamba nayo sana, ila ibara ya 8 ukiitaja kwa mtendaji anakuangalia tu kama umeimba wimbo. Ukimwambia mkutano wa robo hii haujaitishwa anakaa vizuri kwenye kiti.

Basi mzee tukakaa nae, tukaandika barua. Nusu ukurasa. Nilitaka kuweka maneno makali akayafuta yote, akasema barua isiwe na neno hata moja la kukufanya uombe radhi baadae. Tukabaki na maswali: kaya ngapi zimechangia, jumla shilingi ngapi, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika ni vingapi na viko kwa nani, kimenunuliwa nini na kwa bei gani, kilichobaki kiko wapi. Basi. Hamna "mmekula", hamna "wananchi tumechoka". Tukaomba majibu yasomwe mkutano unaofuata kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Nikatoa kopi mbili, moja nikamwachia mtendaji, nyingine nikamwomba aigonge mhuri na tarehe ya kupokea nibaki nayo. Hapo kwenye mhuri aligoma kidogo, akasema wino umeisha, nikamwambia hamna shida mkubwa nakuja kesho, nikaja kesho, nikaja keshokutwa. Siku ya tatu wino ukapatikana.

Mnaoishi huko mjini mnaweza kusema mbona hayo mambo ya kizee, si uandike grupu la WhatsApp. Nilijaribu jamani. Grupu la kijiji lina watu karibu mia mbili, niliandika usiku, asubuhi nikakuta video za mahubiri sitini na swali langu liko juu huko halionekani. Alafu la pili, grupuni ni rahisi sana kuandika "fulani mwizi", na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ukituma taarifa ya uongo unashughulikiwa wewe, choo kinabaki vilevile. Grupu litumie kuitana mkutanoni. Hapo linasaidia sana kwa kweli, siku ile watu walijaa mpaka mwembe haukutosha, wengine wakakaa juani.

Siku ya mkutano wenyewe sikusema kitu. Nilikua nimejipanga kusimama, nimevaa na shati la kola, ila mtendaji alisoma mwenyewe kwa sababu barua ilikua na mhuri wake na watu kama watano walikua na kopi. Na alichosoma kilinitoa jasho MIMI. Saruji ilinunuliwa mifuko 31. Iliyotumika 18. Mifuko 13 iko stoo ya shule. Tukasema twendeni, mkutano mzima ukahama, mwalimu mkuu akafungua stoo, na kweli ipo, kumi na tatu, imepangwa chini kwenye sakafu penye unyevu. Kijana mmoja akaupiga teke mfuko wa juu, akashika kidole cha mguu analia. Jiwe. Yote imekua jiwe.

Ikaja kugundulika hela yote iliisha kwenye vifaa na hamna aliyekumbuka kutenga ya ufundi, fundi akasubiri akachoka akaenda zake Ifakara, na viongozi wakaona aibu kuja kutuambia tuchange tena, wakanyamaza miezi minane. Hamna aliyekula saruji. Niliyemwita mwizi mbele ya watu hakua mwizi, alikua mtu aliyeshindwa kupiga hesabu alafu akaogopa kusema. Ikabidi nisimame palepale mlangoni pa stoo nimwambie mwenyekiti, mzee wangu, nilikukosea, nisamehe. Iliniuma. Akasema yameisha, ila mke wake mpaka leo salamu yangu anaitikia nusu.

Alafu kwenye hesabu ya stakabadhi ndo kikajitokeza ambacho ningepiga kelele mwaka mzima nisingekipata. Vitabu vilitolewa vitano, vilivyorudi vinne. Cha tano kiko kwa mwenyekiti wa kitongoji kimoja, na alipoulizwa akasema panya. Haya. Jambo likaandikwa, safari hii nilikaa karibu na mtendaji nikimwangalia anavyoandika, na kabla ya kufunga nikaomba kwa heshima asome alivyoandika. Mwombe mtu asome. Ni haki ya mjumbe kabisa na inachukua dakika moja, na neno "mjumbe mmoja" halitokei tena.

Kuna kitu kingine kwenye hizi karatasi niseme japo natoka nje kidogo, karatasi ya mahudhurio. Huwa inazungushwa karatasi tupu ya kaunta buku mnaandika majina na sahihi. Usisaini karatasi isiyo na kichwa. Andika mwenyewe pale juu tarehe na ajenda ya mkutano ndo usaini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, kwahiyo mtu anayetaka eka zenu anahitaji muhtasari wenye majina yenu, na majina ya kwenye mkutano wa choo yanaweza kwenda kubanwa na pini kwenye muhtasari wa shamba ambao hamjawahi kuujadili. Ugomvi wa ardhi vijijini mwingi ukiufuatilia unaishia kwenye karatasi ya namna hii.

Kuhusu wakubwa zaidi sina mengi ila nimejifunza hili moja. Mbunge akija ziara watu tunapanga foleni kumwambia barabara mbovu, anajibu "nimelichukua", anaondoka nalo. Kwanza jua jambo lako ni la nani. Kuna wakala za serikali: barabara zetu za vijijini ni TARURA tangu 2017, barabara kuu ni TANROADS, maji vijijini ni RUWASA tangu 2019, ukimwuliza diwani kuhusu bomba atakwambia sio langu na atakua hajadanganya sana. Pili mwulize ya bajeti: karavati letu limo kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha au halimo? Hilo halina nimelichukua, ni ndio au hapana. Na uulize mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, Bunge linakaa kwenye bajeti kuanzia Aprili pale Dodoma, vipaumbele vya kijiji vinapita kata na halmashauri kabla ya hapo, kwahiyo ukisubiri mwezi wa sita mvua ikishabomoa ndo upige kelele unaulizia karavati la mwaka kesho kutwa.

Kikao cha baraza la madiwani nacho ni cha wazi, kila robo mwaka, unaingia unakaa kimya unasikiliza. Nilienda mara moja. Diwani wetu aliponiona kule nyuma alichangia mara tatu siku hiyo, na wenzie walishangaa, maana kawaida yake kumbe huwa haongei.

Na ukinyimwa karatasi kabisa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaomba kwa maandishi na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Mi sijawahi kufika huko, kuitaja tu kwenye mstari wa mwisho wa barua kulitosha. Ila usianze nayo. Mtendaji ni jirani yako, mnazikana, mtoto wake anacheza na wako, ukianza na sheria anaona umemletea polisi nyumbani.

Gharama zipo, nisiwadanganye. Kuna watu wataacha kukusalimia, utaitwa mpinzani hata kama huna kadi ya chama chochote, na mke wangu aliniuliza kabisa hivi choo cha shule kimekua cha kwako? Usiende peke yako. Barua ikiwa na majina kumi hamna wa kuonewa, na majina mawili matatu yawe ya kinamama wa pale kijijini ambao hakuna kiongozi anathubutu kuwajibu ovyo, kila kijiji kinao.

Choo kiliisha 2022, matundu manne badala ya sita, na ile mifuko ya jiwe fundi aliipanga mlangoni ikawa ngazi, ukienda utaona bado imeandikwa kilo 50. Kitabu cha stakabadhi hakijapatikana. Kila mkutano kinasomwa kwenye yatokanayo, namba tatu, na mwenyewe anakua amekaa palepale benchi la mbele anaangalia viatu vyake.