Kabla ya Bill Russell kulikuwa na John McLendon

Umeuliza kama Bill Russell ndiye kocha mkuu wa kwanza mweusi katika mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani. Kwa NBA, ndiyo, alianza na Boston Celtics mwaka 1966. Lakini John McLendon alimtangulia: mwaka 1961 alikuwa kocha wa Cleveland Pipers katika ABL, ligi nyingine ya kulipwa ya Marekani.

McLendon alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, akafundwa na James Naismith mwenyewe, mwanzilishi wa mchezo, ila timu ya chuo haikumruhusu kucheza kwa sababu ya rangi yake. Machi 1944 kule Durham, North Carolina, timu ya chuo cha weusi aliyokuwa akiifundisha ilicheza kwa siri na timu ya wanafunzi wa utabibu wa Chuo Kikuu cha Duke, wote wazungu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, milango imefungwa. Vijana wa McLendon walishinda 88-44 kwa mchezo wa kasi, kisha wakachanganya timu wakacheza tena! Ujasiri ule unastahili kusimuliwa zaidi hata ya mataji yake 3 mfululizo ya NAIA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, 1957 hadi 1959, akiwa kocha wa chuo cha Tennessee A&I.