Mark X ya 2011 kuiweka iwe mali ya baadaye: usiifungie, mi nishalia

Mkuu umeuliza kama hiyo Toyota Mark X yako uifunike uiache miaka 20 ije kugombaniwa, na jamaa wameshaanza kukucheka. Mi sikucheki, ila usije ukafanya nilichofanya na Toyota Altezza yangu.

Ile ni RS200, gia sita za kukanyaga klachi, injini 3S-GE ya hp 210, sio zile zenye injini ya kawaida ya 1G zilizojaa mjini. Nilipohamishwa kikazi nikaipeleka Tanga kwa bimkubwa, nikachomoa betri, nikafunika turubai la plastiki, nikajiona mjanja. Baada ya miaka miwili nafungua boneti nakuta panya kajenga ndani ya boksi la ea klina, maganda ya mahindi yamechanganyika na vipande vya waya za sensa, petroli imechacha inanuka kama rangi, pampu kwishnei, breki za nyuma zimeng'ang'ania diski. Kwenye matao ya matairi ndo usiseme, rangi imetumbuka, ukibonyeza kidole kinaingia. Kumbe plastiki pwani inafungia unyevu wa chumvi humohumo, bora ningeiacha chini ya mwembe nipambane na kinyesi cha kunguru.

Kwa hiyo weka kivuli penye upepo, kava liwe la kitambaa kinachopumua, na uiendeshe kila baada ya wiki mbili mpaka injini ipate moto kwelikweli, sio kuiwasha dakika tano getini halafu unazima, hapo unajaza maji kwenye ekzosi tu. Oili badili kila mwaka hata kama kilomita hazijafika.

Thamani sasa. Mark X iliisha kutengenezwa Desemba 2019, ukoo ulioanza na Corona Mark II 1968 ukafungwa hapo, kwa hiyo historia ipo. Ila watakazogombania watu ni GRMN, toleo maalumu la kispoti la Toyota wenyewe, zile 100 za 2015 na 350 za 2019, zenye klachi. Yako ni 250G oto, zipo kibao. Itakayokutoa wewe ni kwamba vijana wanazikata springi, wanabandika taa za Kichina na kutupa za kiwandani, baada ya miaka kadhaa iliyobaki kama ilivyoshuka melini itakuwa ya kutafuta kwa tochi. Chochote unachotoa weka stoo. Mimi nilitupa taa zangu za nyuma, zile zile ambazo dunia nzima iliziiga, leo nazunguka maduka ya spea Gerezani napata ya kushoto tu. Tunza na karatasi ya mnada wa Japani, risiti za sevisi, ufunguo wa pili, hata kile kitabu cha Kijapani usichoweza kusoma.

Kinachonitia wasiwasi kwa gari za umri huu sio chuma. Bushi fundi atachonga. Skrini na kompyuta ya ABS (ile inayozuia matairi yasijifunge ukipiga breki) hachongi mtu, ukiona gari kama yako imegongwa inauzwa vipande, vinunue mapema.

Na usipige hesabu za Marekani, kwao gari ikifika miaka 25 inaruhusiwa kuingia ndo maana za Kijapani zilipanda bei, lakini wananunua Japani kwenyewe, sio Mbagala.

Yangu bado iko kwa fundi wa bodi. Hebu sema, hiyo yako springi bado ni za kwake?