Jibu: Uzamili wa kriminolojia bila digrii ya sheria, na suala la kuwahoji wafungwa

Uliuliza kama mwenye digrii ya sosholojia anaweza kusoma uzamili wa kriminolojia, yaani taaluma ya kuchunguza uhalifu, na kuwahoji wafungwa kwa ajili ya tasnifu. Kusoma, ndiyo. Sheria ya jinai ni kipande tu cha fani hii, na nadharia nyingi utakuwa umeshakutana nazo. Kinachowaangusha wengi ni takwimu, kwa hiyo jifunze regresheni (njia ya kitakwimu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine) kabla masomo hayajaanza.

Wafungwa sasa. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo, halafu cha mamlaka ya magereza, na mara nyingi cha pili hakishughulikiwi kabla cha kwanza hakijatoka. Mfungwa hana uhuru kamili wa kukataa, ndiyo maana maombi ya namna hii hurudishwa kusahihishwa tena na tena. Kozi ya mwaka mmoja inaweza kwisha ukingali unasubiri barua. Tena, mhojiwa akikutajia kosa ambalo halijafika mahakamani, usiri uliomwahidi huenda usikulinde kisheria. Mweleze mpaka huo kabla hajasaini ridhaa.

Ningekushauri utumie data zilizokwisha kukusanywa. Ila rekodi za polisi si uhalifu wenyewe, ni kile kilichoripotiwa kikaandikwa. Kwa sababu hiyo Marekani huwauliza wananchi moja kwa moja kama wamefanyiwa uhalifu, tangu 1973, na Uingereza tangu 1982. Ukiona kesi za ubakaji zimepanda, chunguza kwanza: makosa yameongezeka, au waathirika wameanza kuripoti?