Muulize Fundi: Tochi ndogo, mwanga mkali, na hesabu ya usiku mzima

Toleo lililopita niligusia tochi za mfukoni kwa mistari miwili tu, na barua zilizokuja zimezidi zile za redio na pasi zikijumlishwa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya nyingine yamejificha humo.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mlinzi wa ghala la mahindi hapa Korogwe. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimedunduliza shilingi 90,000 ninunue tochi ndogo lakini kali. Nimeonyeshwa tatu. Moja imeandikwa lumeni 100,000. Ya pili ni Wurkkos FC11, lumeni 1,300. Ya tatu ni Fenix PD36R, lumeni 1,600, ila hiyo siiwezi mpaka nikope. Muuzaji ananisukumia ile ya laki moja, tena ndiyo ya bei ya chini. Nichukue ipi? — Mlinzi, Korogwe

Marahaba mwanangu. Chukua FC11, na usikope.

Kuna hesabu moja ambayo ukiibeba kichwani hakuna muuzaji atakayekuyumbisha. LED nzuri ya siku hizi, ikiwa ndani ya tochi, hutoa kama lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila wati moja ya umeme inayokula. Lumeni 100,000 basi zinataka wati 1,000. Hiyo ni pasi ya umeme, ileile unayonyooshea sare yako. Hakuna betri ya kukaa mfukoni inayoendesha pasi, na kama ingekuwepo usingeweza kuishika tochi hiyo mkononi. Kwa hiyo namba iliyoandikwa pale ni uongo, na mtu aliyekudanganya kwenye namba ya kwanza usimwamini kwenye betri aliyoiweka ndani.

Sasa igeuze hesabu hiyo upande wa muda. FC11 inatumia betri moja ya 18650. Namba hiyo ni kipimo cha umbo: unene milimita 18, urefu milimita 65. Betri ya kweli ya aina hiyo, yenye 3,000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), inaweza kutoa wati 10 kwa muda wa saa moja, au wati 1 kwa muda wa saa kumi. Maana yake ni kwamba ukiwasha lumeni 1,000 una saa moja, ukiwasha lumeni 100 una saa kumi. Kazi yako ni ya saa kumi na mbili, na najua huwashi mfululizo. Tembea na mwanga mdogo wa kuona unapokanyaga, ukisikia kishindo nyuma ya magunia ndipo umwage wote kwa sekunde kumi. Ukitumia hivyo utafika asubuhi na chaji imebaki.

Utaniuliza, mbona kasha la tochi ya lumeni 1,600 linasema inawaka karibu saa tatu? Fenix hiyo ina betri nene zaidi, 21700 yenye 5,000 mAh, ambayo inabeba kama wati 18 kwa saa moja. Lumeni 1,600 zinakula wati 16. Hapo ni saa moja na dakika chache, si tatu. Kampuni haijadanganya, ila imefuata kanuni ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Inaitwa ANSI FL1, ilitoka Marekani mwaka 2009, na tochi nyingi zenye sifa hupimwa kwa kanuni hiyo. Lumeni zinapimwa sekunde 30 baada ya kuwasha. Muda nao unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Tochi iliyoanza na 1,600 ikiteremka hadi 200, saa bado inahesabu.

Na kuteremka lazima iteremke. Juzi usiku, kibandani kwangu Ngamiani, niliisimamisha tochi moja ya 18650 juu ya meza ikitazama dari, nikaiwasha mpaka mwisho, nikaweka kidole gumba kwenye shingo yake. Dakika ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Dakika ya pili nikawa nabadilisha vidole. Kabla ya dakika ya nne ilikuwa imeshajipunguza yenyewe, polepole mno, na jicho langu halikugundua mpaka nilipowasha ya pili mfano wake pembeni, ndipo nikaona dari limegawanyika, upande mweupe na upande wa kijivu. LED bado inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na kipande cha alumini kinachoenea kiganjani hakina pa kulipeleka. Tochi isiyojipunguza ndiyo ya kuogopa.

Ndiyo maana tofauti ya 1,300 na 1,600 isikukoseshe usingizi. Jicho haliioni, na baada ya dakika chache zote mbili zimeshuka. Kinachoitofautisha Fenix kwa kweli ni betri kubwa na mwanga unaokwenda mbali. Kasha lake linasema mita 283, na kwa kanuni ileile huo ni umbali ambao mwanga umebaki kama wa mbalamwezi ya usiku wa kumi na nne. Kumtambua mtu sura kwa mwanga huo si rahisi, mimi huwa naigawa namba hiyo kwa mbili. FC11 inatandaza, haichomi mbali. Kwa ghala lenye milango, magunia na pembe za kona, kutandaza ndiko unakokutaka. Ingekuwa unalinda shamba la mkonge ningekujibu vingine.

Halafu FC11 ina sumaku nyuma yake. Ibandike kwenye mlango wa chuma uandike daftari la zamu kwa mikono miwili. Chaji yake ni ya Type-C, kama simu nyingi za sasa.

Fundi, nilinunua betri ya 18650 imeandikwa 9,800 mAh. Haimalizi hata dakika arobaini kwenye tochi yangu. Tochi ni mbovu? — Msomaji, Muheza

Tochi yako ni nzima, betri ndiyo inayokutia hasara. Kwa umbo hilo betri bora kabisa zinazouzwa huishia kwenye 3,500 au kupita kidogo. Yoyote iliyoandikwa 5,000, 6,800 au 9,800 irudishe.

Kuna njia ya kuijua bila mashine. Ipime uzito. Betri ya kweli ya 18650 ina gramu 45 hadi 48. Jirani yangu ni sonara, ana mizani ndogo ya dhahabu, na mteja akiniletea betri ya mashaka navuka nayo barabara. Mwezi huu tumepima moja yenye karatasi nyekundu na maandishi ya kung'aa, ikasoma gramu 27. Nzuri iliyotoka kwenye laptopu ya zamani, imechakaa rangi, ikasoma 46. Betri nyepesi namna ile mara nyingi ina kibetri kidogo ndani na nafasi iliyojazwa unga. Tafadhali usiipasue uhakikishe. Betri hizi ni za lithiamu, na lithiamu ikishika moto haizimiki kwa kupuliza.

Na kwa wote wenye betri hizi: ikijaa husimama kwenye volti 4.2, chaja nzuri hukata hapo yenyewe. Usiichaji juu ya godoro wala ukiwa umelala. Plastiki yake ya nje ikichanika, hata kwa kucha tu, iache kazi mpaka ivalishwe nyingine, kwa sababu karibu bati lote la nje ni upande wa hasi, na likigusana na chanya pale juu huo ni moto.

Shikamoo. Mimi ni muuguzi wa zahanati wilayani Handeni. Umeme ukikatika tunatumia tochi ya LED yenye mwanga mweupe wa kama bluu. Ni kali lakini naona rangi ya ngozi na damu hazisomeki vizuri. Ni macho yangu? — Muuguzi

Marahaba dada. Macho yako yako sawa, na nakushukuru kwa swali hili kwa sababu wauzaji hawalisemi kabisa.

LED nyeupe kwa asili ni chipu ya bluu iliyofunikwa dawa ya njano. Ile ya bei rahisi ina bluu tele na nyekundu haba. Kitu chekundu kikikosa mwanga mwekundu wa kurudisha, kinaonekana cha kahawia au cheusi. Yalinikuta mwenyewe. Usiku mmoja niliunga nyaya kwenye nyumba ya mteja kwa tochi ya namna hiyo, nikaona kahawia mbili. Asubuhi moja ilikuwa nyekundu. Nilirudi mbio kabla mama mwenye nyumba hajagusa swichi, na tangu siku hiyo tochi ya kazi nachagua kwa rangi kabla sijasoma lumeni.

Tafuta mahali palipoandikwa CRI. Ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na 100 ndiyo kamili. Tochi nyingi za kawaida ziko karibu na 70. Wewe unahitaji 90 au zaidi, na rangi ya mwanga ya kelvini 4,000 hadi 5,000 badala ya 6,500, ile ya kama bluu. Ile FC11 niliyomwambia mlinzi imo kwenye kundi hilo la 90. Utapoteza lumeni kadhaa, lakini mama anayejifungua anahitaji uone damu ni kiasi gani na ni ya rangi gani.

Nakuomba jambo moja zaidi. Usimulike kamwe jicho la mgonjwa kwa tochi ya lumeni mamia, hata kwa kupima mboni. Kwa kazi hiyo tafuta kitochi kidogo cha kalamu.

Kuhusu sola, kama mnayo: kipaneli cha wati 5 chenye tundu la USB kinaijaza 18650 kwa saa tatu au nne za jua kali. Ila kabatini weka na tochi ya betri ya AA, zile ndogo za duka lolote. Betri ya AA inabeba kama robo tu ya 18650, lakini mwezi wa mvua, paneli ikiwa haina kazi, ndiyo itakayopatikana.

Fundi, nakwenda Muscat kwa mwanangu, nimemnunulia tochi na betri mbili za akiba. Uwanja wa ndege watanizuia? — Bibi, Tanga mjini

Shikamoo bibi. Betri za akiba za lithiamu ziweke kwenye mkoba unaopanda nao, zisiingie kwenye sanduku la mzigo. Kila moja iwe ndani ya kikasha chake cha plastiki, isikae pamoja na funguo wala sarafu. Safari njema, na umsalimie.

Mume wangu ni bodaboda. Tochi yake ndogo ilijiwasha mfukoni ikatoboa suruali, na paja likapata lengelenge. Sasa nimeificha. Nimrudishie? — Mke wa bodaboda, Pangani

Pole sana, mpe pole na yeye. Tochi ya lumeni elfu moja na zaidi ikigusa kitambaa inachoma kweli, kwa sababu mwanga wote unaishia kwenye kitambaa na kuwa joto papo hapo.

Mrudishie, lakini kwanza mkae naye na hiyo tochi mkononi. Shika kifuniko cha nyuma, kilegeze kwa robo mzunguko. Sasa bonyeza swichi. Kama haiwaki, njia ya umeme imekatika na haiwezi kujiwasha mfukoni. Kama bado inawaka, legeza kidogo tena. Ikigoma kabisa kwa njia hiyo, kuna tochi zinazojifunga kwa kubonyeza mara nne harakaharaka, ijaribu hiyo. Na ikishindikana yote mawili, atoe betri kila anapoiweka mfukoni, mpaka apate nyingine yenye kufuli.