Mifuko isiyopitisha hewa na dumuzi

SWALI: Tunavuna mahindi Julai, na kufikia Desemba dumuzi, wale wadudu watoboa nafaka, wameacha unga mtupu. Mwaka huu tulitumia mifuko ya nailoni isiyopitisha hewa, lakini mmoja umetobolewa. Tulikosea wapi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana, ndugu. Mara nyingi kosa huanza kabla ya kufunga. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15. Hata hivyo anika tena, maana kiwango salama ni asilimia 13.

Pepeta, ondoa vipande vya magunzi: ncha zake huchoma nailoni. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko, ubane mdomo na usikilize hewa ikitoka. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa mpira. Kisha funga vivyo hivyo mfuko wa pili wa nailoni unaoufunika, mwisho kiroba cha nje. Wadudu humaliza hewa iliyobaki, wakafa. Ukifunguafungua unawarudishia pumzi, nao wakiwa hai hutoboa nailoni. Panya pia: weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta.