Kwa nini nyuzi 390 na nyuzi 30 zinatoa sini moja

Mkuu umeuliza inakuwaje sini ya nyuzi 390 ni 0.5 sawasawa na ya nyuzi 30, wakati ulichoambiwa ni "toa 360" basi. Nimefundisha tuisheni ya hesabu kwa muda na naona hiyo "toa 360" wengi wanaikariri tu, halafu swali likigeuka kidogo wanakwama, so ngoja tuanzie kwenye mchoro.

Chora mhimili wa x na wa y. Mkono mmoja wa pembe unalala kwenye x upande wa chanya, huo hauondoki, wa pili ndo unazunguka kinyumesaa kuanzia hapo. Uzungushe nyuzi 30, usimame. Sasa ongeza raundi nzima, yaani nyuzi 360, unarudi palepale ila jumla umeshazunguka 390. Sini, kosini na tanjenti (sin, cos na tan kwenye kalkuleta) zinaangalia mkono umeishia wapi, raundi ulizopiga hazihusiki kabisa. Pembe ikiwa hasi ujue umezunguka kufuata saa, kwa hiyo -50 inaishia pamoja na 310.

Namba ikiwa kubwa gawanya kwa 360. 1000 inaingia mara 2, yaani 720, inabaki 280. Kwenye hasi kuwa makini, -1000 ukiongeza 720 unapata -280, bado hasi, ongeza raundi nyingine upate 80. Radiani, yaani kile kipimo kingine cha pembe, ni hivyohivyo ila raundi ni 2π, mfano 17π/4 ukitoa 4π inabaki π/4.

Halafu usije ukadhani sini zikilingana basi pembe zinaishia pamoja. Sini ya 150 nayo ni 0.5, lakini cheki kosini, ya 30 ni chanya 0.866 na ya 150 ni hasi 0.866. Mikono iko sehemu mbili tofauti, na tofauti yao ni 120 ambayo sio raundi kamili.

Sasa pale maksi zinapopotea kweli, na hapa naomba usome taratibu. Raundi hazihusiki ukiwa unatafuta sini au kosini ya pembe yenyewe, ila ukianza kuigawanya zinahusika sana. Nusu ya 30 ni 15, nusu ya 390 ni 195, na sini zake zina alama tofauti! Chukua swali kama cos 2x = 0.5, x kuanzia 0 hadi 360. Wengi wanaandika 2x = 60 na 300, wanagawanya kwa mbili, x = 30 na 150, wanafunga daftari. Lakini x ikifika 360, 2x inafika 720, yaani raundi mbili, so kabla hujagawanya ongeza 360 kwenye kila moja upate pia 420 na 660. Ndo unapata x = 30, 150, 210 na 330. Chukua 210, zidisha kwa mbili upate 420, uhakikishe mwenyewe kwenye kalkuleta, kosini ya 420 ni 0.5.