Mchango kabla ya tiketi: shabiki anatendewa haki?

SWALI: Mpwa wangu alisoma Marekani, sasa anafanya kazi hukohuko. Alitaka tiketi ya msimu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chake cha zamani, akaambiwa atoe kwanza "mchango" ndipo auziwe. Sisi hapa Mwanza unalipa kiingilio cha mzunguko (viti vya bei ya chini) uwanja wa Kirumba, unaingia. Hiyo ni haki?
Mjomba, Nyegezi

JIBU: Ndugu yetu wa Nyegezi, tatizo letu ni hilo neno mchango. Mchango mtu hutoa kwa hiari yake. Ukinyimwa kiti kwa kutoutoa, hiyo ni bei, na iitwe bei.

Mpwa wako apige hesabu hivi. Timu ya chuo hucheza mechi 12 za kawaida kwa msimu, na mara nyingi 6 au 7 kati ya hizo huwa nyumbani. Tuseme tiketi ya msimu ni dola 420 kwa mechi 7: anaona dola 60 kwa mechi, anaridhika. Ongeza mchango wa dola 600, jumla 1,020, na kila mechi imefika karibu dola 146. Humo zimo mechi za timu dhaifu ambazo huenda hata asiende kuziangalia. Akitaka kulinganisha na tiketi ya mechi mojamoja, atumie hiyo 146.

Zamani watu walivumilia kwa sababu ya kodi. Hadi mwisho wa 2017, asilimia 80 ya mchango huo iliweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa dola 600 ni 480. Aliyekuwa akitozwa asilimia 25 aliokoa dola 120. Kuanzia 2018 nafuu hiyo ilifutwa, mchango ukabaki palepale. Hapo shabiki ameonewa.

Vyuo navyo vina hoja. Fedha za futiboli hubeba kuogelea, riadha na michezo mingine isiyojaza viti. Tena tangu Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza Septemba 2024 kwamba bei za tiketi za 2025 zitaongezwa asilimia 10 kwa ajili hiyo. Mfuko unauma, lakini angalau shabiki kaambiwa pesa yake inakwenda kwa nani. Na vijana wanaojaza viwanja vya watu 100,000 wanastahili kulipwa.

Akiamua kununua mechi mojamoja, mechi ya timu dhaifu aisubiri hadi siku mbili tatu za mwisho, maana wanaouza tena hushusha bei. Mechi ya watani asiisubiri. Asikubali kutumiwa picha ya skrini: kwenye tiketi nyingi za simu msimbo hubadilika kila mara, mashine ya getini itaikataa. Tiketi ihamishiwe kwenye akaunti yake. Ya mwanafunzi, hata akiipata kwa bei ya chini, getini huombwa kitambulisho. Na tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inataka bei ya kwanza kuonyeshwa iwe na ada zote za lazima. Akiona ada imechomoza mwishoni, asilipe.

SWALI: Na Pamba Jiji wakiwakaribisha Simba au Yanga, kiingilio kupanda ni sawa?
Mwanafunzi, Malimbe

JIBU: Ni sawa. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo mwenyeji ana mechi 15 za nyumbani, na wakubwa hao wanakuja mara moja moja tu. Mapato ya getini yakishakatwa makato ni ya mwenyeji, na klabu ina mishahara na safari ndefu za kulipia. Ukipiga hesabu ya kodi, usikosee: kiingilio cha 10,000 chenye VAT ya asilimia 18 ndani yake kina kodi ya takriban 1,525, si 1,800, kwa sababu unazidisha kwa 18 kisha unagawanya kwa 118.

Tusichokubali ni bei kutangazwa asubuhi ya mechi. Aliyetoka Sengerema keshahesabu nauli ya kwenda na kurudi na kiingilio alichokizoea. Akikuta getini kimepanda maradufu, atasikiliza mechi redioni nje ya ukuta. Bei itangazwe siku nne kabla, na mechi nyingine 13 mzunguko ubaki wa bei ya chini.